Dada, kabla hujajaza fomu ya VETA

Kila msimu wa maombi, wadogo zangu wa mtaani hunifuata kuuliza wakasome nini VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Wengi huja na jibu lao tayari: ushonaji, mapishi au saluni. Nikiwatajia umeme wa majumbani, bomba au kuchomelea, wanacheka. "Dada, hizo si za wanaume?" Mama zao nao huongeza kwamba VETA ni ya waliofeli kidato cha nne.

Mimi ni fundi umeme. Cherehani sina ugomvi nayo, ndiyo iliyotulisha nyumbani. Ila hesabu mafundi cherehani walioko kati ya kwenu na kituo cha daladala, kisha nitajie mafundi umeme wanawake unaowajua.

Wateja wangu wazuri ni wanawake wenzangu. Mama aliyeshinda nyumbani na watoto hapendi kumwingiza chumbani mwanaume asiyemjua eti anabadilisha soketi. Akisikia yupo fundi wa kike, namba yangu inazunguka kikoba kizima. Wanaume ndio wenye maswali. Anasimama chini ya ngazi: "Una hakika umezima meni swichi?" Nampa tesita apime mwenyewe, naendelea na kazi.

Sasa sikiliza hili, maana wengi huja kulijua wakiwa na cheti mkononi. Ukimfungia mtu nyaya nyumba nzima, maombi yake ya kuunganishiwa umeme TANESCO yanahitaji mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kama wewe huna, utatafuta mwenye nayo, naye atachukua fungu lake bila kushika hata bisibisi. Kwa hiyo ukiwa bado chuoni, waulize walimu utaratibu wa leseni na uzoefu unaotakiwa.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nayo ina mitego. Msichana anapewa daftari la risiti, au anatumwa chai, mpaka muda unaisha hajapanda ngazi. Mwambie fundi mkuu siku ya kwanza kwamba umekuja kushika koleo. Akikuona mkaidi, sawa tu.

Vifaa ni gharama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hupitia vikundi, basi anzeni kikundi na wenzako wa darasani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza.

Na wewe uliyejifunzia jikoni kwa watu au kwenye saluni ya shangazi, usidhani lazima uanze mwanzo. VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kukupa cheti.

Swali la mavazi halikosekani. Suruali na gauni refu kiasi juu yake, basi. Dera liache nyumbani, kwenye ngazi litakuangusha.