Re: Mtoto ana sikoseli, nisubiri tiba mpya ya jeni?

Habari ndugu, pole sana na kuuguza. Nimekuelewa hivi, mtoto ana miaka 8, anatumia haidroksiyurea, umesikia habari za Casgevy, hiyo tiba mpya ya jeni, na unauliza kama umwachishe dawa msubiri hiyo. Usimwachishe kabisa.

Mdogo wangu anao huu ugonjwa, tuliposikia hiyo habari tulienda kwa daktari wake na maswali kibao. Kwanza angalia umri, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, kote kwa kuanzia miaka 12. Halafu wanachofanya ni kutoa seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanazihariri kwa CRISPR, yaani kama mkasi wa kukata jeni, ili kupunguza nguvu ya jeni ya BCL11A, ile ndo breki inayozima, baada ya kuzaliwa, ile hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) anayokuwa nayo mtoto tumboni, breki ikilegea ile hemoglobini inarudi na seli nyekundu za damu hazijipindi ovyo. Sasa haidroksiyurea nayo inapandisha hemoglobini hiyohiyo, ndo maana inamsaidia mwanao!

Matokeo yanatia moyo kweli, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha 29 walikaa angalau miezi 12 bila maumivu makali. Lakini kabla ya kurudishiwa seli unapigwa kemo kali ya kusafisha uboho, na inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, hilo kwetu ndo lilikuwa gumu kuliko yote.

Mimi si daktari, ila kliniki ijayo muulize kiwango chake cha hemoglobini F (ndo hiyo ya mtoto wa tumboni) na kama dozi inaendana na uzito wake wa sasa.