Kabla ya kukariri vifungu, uliza: mahakama ipi?

Juzi mwanafunzi mmoja wa sheria aliniandikia kwamba somo la mwenendo wa madai, yaani taratibu za kuendesha kesi za madai mahakamani, linamtoa jasho. Anasoma, anakariri, mtihani ukifika vifungu vyote vinamponyoka. Pole, mdogo wangu. Mimi nililimaliza kwa alama ya A, na leo sitajifanya mnyenyekevu, maana mhadhiri mmoja aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba sheria si ya kila mtu. Kisa? Niliuliza kwa nini tusianze na mamlaka ya mahakama yaani uwezo wake wa kisheria wa kusikiliza shauri, kabla ya kurundikiwa Amri (sehemu za sheria ya mwenendo wa madai) na kanuni zake. Darasa likaangua kicheko. Kicheko kile bado nakisikia.

Na swali hilohilo ndilo lililonivusha. Sikugusa tatizo lolote kabla ya kujua shauri ni la aina gani, lina thamani gani na limezuka wapi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inataka shauri lifunguliwe kwenye mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Watunga mitihani hutega hapo. Mdai anadai deni la shilingi milioni 20, kisha anabandika milioni 500 za fidia ya jumla, ile isiyo na hesabu kamili, ili aingie Mahakama Kuu. Wenzangu walijumlisha. Mimi nilikuwa nimeisoma hukumu ya Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters, ambapo Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa kinachoangaliwa ni dai mahususi, yaani dai lenyewe la msingi, kama hilo deni la milioni 20. Fidia ya jumla hukadiriwa na mahakama yenyewe, haikupandishi ngazi.

Pingamizi la awali, lile linalotolewa kabla shauri halijasikilizwa, nalo ni hivyohivyo: soma hukumu ya Mukisa Biscuit ya 1969 yenyewe, uone kwa nini lazima liwe hoja tupu ya sheria, lisilohitaji ushahidi. Vijana mnapenda nots za kurithishana, nots zenye makosa ya miaka kumi! Hukumu zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Someni. Nasema tena, someni hukumu.

Kabla hujaniandikia tena, jaribu hili: kiwanja kiko Morogoro, mdai anaishi Dodoma, mdaiwa yuko Mwanza, na wameandikishana kwamba mgogoro wowote wa umiliki utafunguliwa Dodoma. Utafungua wapi, na yale makubaliano yao utayafanyaje?