Re: Mpira ukigusa chokaa ya goli, ni goli?
Mkuu, unadai ule mpira kwenye mechi ya ndondo (soka la mtaani) pale Kinondoni "ulishapita nusu" ya mstari wa goli, hivyo refa kawaonea kwa kukataa goli. Hapana. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, katikati ya nguzo na chini ya mtambaa wa panya. Hata ukitua nyuma ya chokaa, ubavu wake ukiwa bado uko juu ya mstari, si goli. Hapo ndipo sisi wa pembeni tunapodanganyika. Mshika kibendera anatakiwa aufuate mpira hadi mstari wa goli. Akichelewa anabahatisha tu. Lampard wa England mwenyewe alinyimwa goli la wazi dhidi ya Ujerumani Kombe la Dunia 2010, na Kombe la Dunia 2014 likaja na teknolojia ya mstari wa goli, inayomwambia refa kama mpira umevuka.