Seva ikihema, usikimbilie duka la memori

Juzi msomaji wa Likasi kaniandikia: "Kaka, prosesa ya seva ya mafaili ya kazini inagonga asilimia 100 kila siku. Tununue mpya?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kidonda hicho nakijua.

Niliwahi kuhudumia ofisi ya wakala wa forodha hapa Lubumbashi. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila lori na rundo lake la makaratasi, yote yanaskaniwa na kutupwa kwenye folda moja ya seva ya Linux yenye Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua mafaili ya seva hiyo. Asubuhi shwari. Ikifika saa nane mchana, faili moja halifunguki mpaka umalize chai.

Mimi fundi mkubwa nikasema ni virusi. Halafu nikasema memori. Patroni akatoa dola 180, memori ikaingia, seva ikahema vilevile. Nikabaki kuizima na kuiwasha kila baada ya chakula. Bandugu, fundi akifika hapo, ujue ameishiwa.

Kijana wa staji, aliyekuwa akinibebea mkoba, akafungua top, amri ya Linux inayoonyesha kila programu inakula prosesa kiasi gani. Samba humpa kila mteja, yaani kila kompyuta iliyoungana na seva, mchakato wake wa smbd (programu ya Samba inayotoa mafaili), na mmoja tu ndio uliokuwa ukila prosesa. Akaitafuta namba ya mchakato huo kwenye smbstatus, amri inayoorodhesha walioungana na Samba: mashine ya skana. Akaufuatilia mchakato kwa strace, amri inayoonyesha kila hatua programu inayoiomba kwa Linux, tukaona seva inasoma orodha ya folda ileile, tena na tena.

Kumbe kwa Windows LORI.pdf na lori.pdf ni faili moja, kwa Linux ni mawili. Kila jina jipya likija, Samba inapekua folda nzima kuhakikisha halimo kwa herufi nyingine. Yetu ilikuwa na mafaili zaidi ya 90,000! Tukayagawa kwa miezi, prosesa ikatulia siku hiyohiyo. Usipoweza kugawa, geuza majina yote yawe herufi ndogo, kisha kwa folda hiyo weka kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba: case sensitive = yes, default case = lower, preserve case = no, short preserve case = no.

Basi vijana, tazameni kwanza. Usitamke virusi kabla hujaijua namba ya mchakato. Na ile log level, kiwango cha maelezo ambayo Samba inayaandika kwenye kumbukumbu zake, uliyoipandisha hadi 10 siku ya majaribio ukaisahau, irudishe 1, nayo inakula prosesa. Tazameni kwanza, narudia, maana fedha ya mteja si ya kufanyia ramli.

Mkataba wa ofisi ile sasa ni wa yule kijana. Tukikutana mjini ananiita "Muzee". Nina miaka 38.