Nyie wapya kwenye malipo ya kadi, msione aibu kumwambia mteja athibitishe

Nyie mlioanza juzi kwenye malipo ya mtandaoni nawaandikia hivi maana naona mteja akiwaka tu "mbona mnanihoji kama mwizi, hela si yangu" mnatafuta namna ya kumpitisha haraka aondoke. Nawaelewa, na mi nilikuwa hivo hivo miezi ya mwanzo.

Jiulizeni kwanza hasara anakula nani. Mteja akija dukani mwenyewe anachomeka kadi, chipu inasomwa, anaweka PIN, imeisha. Mtandaoni chipu hamna PIN hamna, kuna namba tu, na hizo namba zinaweza kuwa za mtu ambaye sa hizi kalala zake hajui chochote. Akija kushtuka anaenda benki anaupinga muamala, anarudishiwa, na hela inakatwa kwa duka, mara nyingi na faini juu, na mzigo ulishaondoka zamani. Sasa ile hatua ya kuweka OTP, yaani ile namba ya siri ya mara moja ambayo benki inamtumia mteja kwa simu, au kukubali kwenye app ya benki, ndo 3D Secure yenyewe, mteja akiipita halafu ikaja kujulikana kadi iliibwa basi kwa kawaida hasara inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Ndo maana duka linang'ang'ania.

Kuna oda moja mpaka leo inaniuma. Kadi ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, ya tatu ikapita, zote ndani ya dakika kumi, akaunti moja lakini majina ya kwenye kadi matatu tofauti! Kabla ya hapo alishanunua kitu cha bei ndogo kabisa, mi nikaona huyu mteja mzuri kumbe alikuwa anapima kama kadi iko hai. Anwani ya kadi nchi nyingine, mzigo nchi nyingine, na anataka utumwe leo leo. Nikaruhusu bila kumwomba uthibitisho wowote. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi akaupinga, na kilichoniumiza zaidi ya hasara ya duka ni kwamba kuna mtu huko kaishi na hofu ya akaunti yake na mi ndo niliyebonyeza.

Ila sio kila anayegoma ni tapeli, jamani. Wengi ni watu safi kabisa, mtu kabadilisha laini na OTP inaenda namba ya zamani, au yuko safarini. Msimjibu kwa ukali, mwambieni akabadilishe namba benki kwake maana duka haliwezi kumfanyia. Na kwa kadi za Ulaya mara nyingi hata sio duka limeamua, ni sheria ya PSD2, yaani sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya, kipengele cha uthibitisho kilianza kutumika tarehe 14 Septemba 2019, kinataka vitu viwili kati ya unachokijua, ulichonacho na maumbile yako kama alama ya kidole.

Kingine, OTP msiiombe kwa simu wala kwenye chati, hata mteja akikubali mwenyewe. Zile namba tatu za nyuma ya kadi pia, kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa taarifa za kadi, zinakataza kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa, kwa hiyo mtu akikutumia picha ya kadi ifute na umwambie umeifuta. Halafu mwambie kabla hajaweka OTP asome ile meseji yote, nyingi zinataja jina la duka na kiasi, kama haviendani na anachonunua asiweke, apige namba iliyo nyuma ya kadi yake.