Pampu ya oili kwenye injini ya zamani ya boti

Ndugu, umeuliza kama pampu ya oili, ile inayoichanganya oili na petroli yenyewe, kwenye injini yako ya mipigo miwili, unayoitumia kati ya Bukavu na Idjwi katika Ziwa Kivu, ing'olewe kwa sababu ni ya zamani. Usiing'oe kabla ya kuipima. Mara nyingi kinachoharibika kwanza si pampu yenyewe bali mipira yake ya kupitishia oili, ambayo kwa miaka hukauka, hupasuka kwenye viungio na kuvuta hewa, na pistoni inayokosa oili hukwama ndani ya silinda upesi sana.

Badilisha mipira yote pamoja na vibanio vyake, safisha tangi la oili, kwa kuwa maji hujikusanya chini yake, kisha toa hewa kupitia skrubu ya pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Katika kipindi chote cha kuijaribu pampu tumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 katika kidumu cha lita 20, kisha weka alama kwenye tangi la oili na uangalie kama kiwango kinashuka. Kisiposhuka, endelea kuchanganya kwa mkono na umpelekee fundi pampu. Nakusihi pia ukague waya wa kengele ya tahadhari, na usitie oili ya pikipiki. Tafuta ile yenye alama ya TC-W3, yaani oili ya injini za boti za mipigo miwili, hata kama bei yake inauma.