Maswali Yenu: Stoo ina chakula, wenye shida hawaonekani

Swali: Kikundi chetu kijijini, wilayani Tandahimba, kina stoo ya chakula cha msaada. Tunafungua Jumamosi asubuhi. Wanaokuja ni walewale wa jirani. Wazee na wenye wagonjwa wa vitongoji vya mbali hatuwaoni, huku mbaazi zinabunguliwa. Tufanyeje?

Jibu: Kinachowazuia wenzenu ni mwendo na haya. Pigeni hesabu: mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za unga, 60 za mbaazi au maharage na 25 za mafuta. Familia ya watu watano kwa wiki mbili inabeba unga kilo 28, mbaazi kilo 4.2, mafuta karibu lita 2. Jumla kilo 34. Bibi wa miaka 70 atazifikishaje kitongojini?

Kwa hiyo chakula kimfuate. Kila wiki mbili pelekeni mafungu kwa bodaboda hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, alasiri, watu wakiwa wamerudi shamba. Fungu lipimwe kwa idadi ya walaji. Mjane anayeishi peke yake anatosheka na unga kilo 5.6, na mkimpa sawa na familia ya watano, kuna watakaokosa. Mgonjwa apewe kadi yenye namba ili mjukuu amchukulie, naye mjukuu aweke dole gumba daftarini. Majina yasisomwe kwa kipaza sauti, wala watu wasipigwe picha na mafungu yao. Aliyeaibishwa mara moja harudi.

Orodha ya kaya maskini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) ianzie kazi, isiimalize. Aliyefiwa na mume mwezi jana, au aliyeanguka kwenye mkorosho akavunjika mguu, hayumo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayeingia majumbani, muulizeni yeye.

Kuhusu mbaazi, tumieni mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu. Kwanza hakikisheni zimekauka: tieni mbaazi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikiseni, acheni dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, anikeni tena. Kisha toeni hewa na fungeni kila tabaka peke yake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa. Wengi huharibu kwa kufungua mifuko yote kila siku ya ugawaji. Fungueni mmoja, umalizike, ndipo mfuate mwingine. Michango ombeni wakati wa malipo ya korosho, mhifadhi kwa ajili ya Januari hadi Machi, vihenge vikiwa vitupu.

Swali: Tumepewa unga wa makopa ya muhogo mchungu. Tugawe? (Msomaji, Lindi)

Jibu: Gaweni, ila na maelekezo, kwa sababu sumu ya muhogo ikilika mfululizo, hasa kwa asiyepata kitoweo chenye protini, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Tia unga beseni, weka alama ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea hadi urudi kwenye alama. Utandaze mkekani, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke na hewa. Ukirundikwa nene, ya chini hubaki. Songa ugali siku hiyohiyo. Unga wenye ukungu usigawe kabisa. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa.